Wazee wetu wanahitaji muda wetu

Mhariri,

Kila Jumatano mimi huenda kujitolea katika ukumbi wa mtaa wetu hapa Kisauni, ambako wazee hukusanyika asubuhi na kurudi makwao alasiri. Tunapika uji, tunawakata kucha wasioweza kuinama, tunawasomea ujumbe wa simu kuona kama zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, zimeingia.

Linalonigusa zaidi ni mazungumzo. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia tangu Jumatano iliyopita hakuna aliyeketi naye. Nyumbani wote hutoka alfajiri kutafuta riziki, wakirudi yeye keshalala. Siku hiyo alitufundisha kusuka ukili, vidole vyake vikienda mbio hata macho yangu hayakuvifuata.

Vijana huja kwa wingi Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, na kugawa unga. Nawashukuru kwa dhati. Lakini Jumatano ya kawaida tuko wanne kwa wazee zaidi ya 30, na kuna babu hukaa na bao lake tangu asubuhi akingoja wa kucheza naye. Nawaomba waliomaliza kidato cha nne, na wastaafu wenye nguvu, waje angalau mara moja kwa wiki.

Mkaazi wa Kisauni,
Mombasa