Mahakama za Ulaya: mnahesabu siku, hesabuni na maahirisho

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mahakama za Ulaya imenifurahisha na kunichokoza kwa pamoja. Mwandishi amezisifia kompyuta, akahitimisha kwamba huku Ulaya kesi zinakwenda mbio kwa sababu karatasi zimeondolewa. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za kaskazini mwa Italia, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa kwenye benchi la korido nikisubiri kuitwa. Naomba nafasi niseme kile ambacho makala iliacha.

Ukitaka kulielewa jambo hili la kesi kuchelewa, anzia Italia, maana hakuna nchi ya Ulaya iliyoaibishwa nalo kuizidi. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu kinataka kila kesi isikilizwe ndani ya muda unaofaa, na Mahakama ya Strasbourg, inayousimamia mkataba huo, imeitia Italia hatiani kwa ucheleweshaji katika hukumu zaidi ya elfu moja. Mwaka 2001 bunge la Roma likapitisha sheria inayojulikana kwa jina la seneta Pinto: kesi ikipitiliza, serikali imlipe fidia aliyecheleweshewa. Kwa viwango vya sasa muda unaofaa ni miaka 3 katika mahakama ya mwanzo, 2 kwenye rufaa na 1 katika mahakama ya juu kabisa. Baada ya hapo mtu hulipwa kati ya yuro 400 na 800 kwa kila mwaka uliozidi. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba madai ya fidia nayo yalikuwa kesi. Yakaingia kwenye mahakama zilezile za rufaa zilizokwisha kulemewa, malipo yakakawia, na watu wakarudi Strasbourg kulalamikia ucheleweshaji wa fidia ya ucheleweshaji. Sitanii, hukumu ya Scordino ya mwaka 2006 inaeleza yote hayo.

Tuje kwenye kompyuta. Tangu Juni 30, 2014 nyaraka za kesi za madai Italia ni lazima zipelekwe kwa njia ya kielektroniki. Ni nafuu kubwa, wakili hasimami tena dirishani kwa karani kusubiri muhuri. Lakini jalada la kielektroniki nalo hulala, tena hulala bila hata vumbi la kumkumbusha mtu kuwa lipo. Upande wa jinai mfumo mpya ulianza kuwa wa lazima Januari 2025, ukagoma mara moja, na wakuu wa mahakama kadhaa wakaruhusu watu warudie karatasi.

Kilichosaidia kweli kilianzia mjini Torino, mwaka uleule wa 2001. Mkuu wa mahakama ya pale, Mario Barbuto, aliamuru kwanza majalada yote ya madai yahesabiwe na kupangwa kwa umri. Hesabu hiyo ikafichua jambo ambalo kila karani alikuwa analijua kimoyomoyo: jaji, kama binadamu mwingine yeyote, hushika kwanza jalada jipya na jepesi, na lile la zamani lenye mawakili wagomvi hulisukuma mbele mwaka hadi mwaka. Barbuto akawapa majaji wake mwongozo wa vipengele 27, na kiini chake kilikuwa kwamba kesi iliyotangulia kuingia ndiyo itangulie kutoka. Mpango akauita Programu ya Strasbourg, kwa heshima, au pengine kwa hofu, ya mahakama iliyokuwa ikiiaibisha nchi yake. Hakuongezewa majaji wala fungu la fedha. Kesi zilizopita miaka mitatu, ambazo kwingineko nchini zilikuwa jambo la kawaida, Torino zikapungua zikawa chache.

Milano nako kuna funzo. Kesi za kazi pale hugawiwa majaji bila kuchagua, kwa hiyo wanauchumi waliweza kuwalinganisha majaji wenye mzigo sawa kabisa. Waligundua kwamba jaji anayefungua kesi nyingi kwa mpigo huzimaliza polepole kuliko mwenzake anayefungua chache, akazimaliza, ndipo akafungua nyingine. Mzigo uleule, saa zilezile. Tofauti ni mpangilio tu.

Baraza la Ulaya lilipounda tume ya ufanisi wa mahakama mwaka 2002, ile inayoitwa kwa kifupi CEPEJ, lilisaidia hesabu za namna hii zifanyike katika nchi zote wanachama. Vipimo vyake viwili vikuu ni vyepesi. Cha kwanza: kesi zilizomalizwa ndani ya mwaka ugawe kwa zilizopokelewa, ikiwa chini ya asilimia 100, mlundikano unakua. Cha pili: kesi zilizobaki mwisho wa mwaka ugawe kwa zilizomalizwa, uzidishe kwa 365, upate siku. Mahakama iliyomaliza kesi 500 na kubakiwa na 1,000 ina siku 730. Kwa hesabu hiyo unaweza kumkabili waziri yeyote.

Lakini hapo pana mtego. Mahakama inayochangamkia kesi nyepesi itapata asilimia nzuri na siku nzuri, huku jalada la mama fulani anayegombea nyumba ya urithi likizidi kuzeeka pale chini. Wastani haumwoni mama huyo. Ndiyo maana mimi namheshimu Barbuto kuliko wastani: yeye aliuliza jalada kongwe kuliko yote lina miaka mingapi, na liko mezani kwa nani.

Na kuna mengine ambayo hesabu hizo haziyagusi kabisa. Ngoja niwaingize chumbani. Mlangoni imebandikwa orodha ya kesi za siku, na nyingi zimeandikwa saa tatu asubuhi, wakati mmoja uleule. Mawakili wamejazana, mashahidi wamesimama ukutani, mshtakiwa anauliza kama ni yeye sasa. Saa sita wanatuita. Nakula kiapo. Jaji anauliza kama shahidi amefika. Hakufika, wito haukumkuta kwenye anwani. Inatajwa tarehe nyingine, miezi kadhaa mbele, karani anaandika, wakili anafunga mkoba. Dakika tatu, labda nne. Mshtakiwa ananigeukia, "Amesema nini?" Namwambia: amesema urudi. Kijana wa watu kaacha kibarua cha siku nzima kwa ajili ya neno hilo.

Wito usiofika ungeweza kugunduliwa wiki moja kabla, kwa karani kufungua jalada na kutazama. Hakuna haja ya sheria mpya. Mahakama ingehesabu maahirisho yake na kutangaza sababu zake, kama inavyotangaza siku zake, nadhani hata miezi sita isingepita kabla ya mtu kuanza kuona haya.

Kisa kingine ndicho kilichonisukuma kuandika. Niliitwa kumkalimania kijana mmoja ambaye jalada lake lilisema lugha yake ni Kiswahili. Nikamsalimu, akaniangalia tu. Kumbe ni Mkongo wa Kinshasa, lugha yake Kilingala, na Kiswahili alikijua kwa salamu mbili tatu za sokoni. Aliyejaza fomu siku ya kukamatwa aliona Kongo, akaandika Kiswahili. Nilimweleza jaji, naye, kwa haki kabisa, akaahirisha. Je, angekuwepo mkalimani mwenye njaa zaidi yangu? Angenyamaza, kesi ingeendelea, na takwimu za mahakama zingependeza.

Na njaa ipo. Kiwango cha serikali kilichowekwa mwaka 2002 kwa mkalimani wa mahakama ni yuro 14.68 kwa saa mbili za kwanza, na kwa miaka mingi saa mbili zilizofuata zililipwa yuro 8.15, kabla ya kodi. Malipo yenyewe huja baada ya muda mrefu. Wenzangu wazuri wamehamia kwenye makampuni na mikutano, na wanaobaki ni wenye moyo au wasio na pa kwenda. Sisemi hivi ili mnichangie. Nasema kwa sababu hukumu inajengwa juu ya maneno ya shahidi, na hukumu iliyojengwa juu ya tafsiri mbovu itarudi kama rufaa, yaani kesi nyingine tena kwenye foleni.

Wapo waliojaribu kuupima ubora huo. Katika eneo la mahakama ya rufaa ya Rovaniemi, kaskazini mwa Finland, tangu 1999 majaji wamekuwa wakikaa na mawakili na waendesha mashtaka kujadili kazi yao, wakaandaa vigezo vya ubora: mwenendo wa kesi, uandishi wa hukumu, jinsi watu wanavyopokewa, kasi ya usikilizaji, ujuzi wa jaji, na uendeshaji wa ofisi. Kasi imo, lakini ni kigezo kimoja kati ya sita. Tena wadaawa na mawakili wenyewe huulizwa maoni yao. Kwetu sikuwahi kumwona mtu akimuuliza mshtakiwa anayetoka chumbani kama alielewa.

Niwe mkweli, Italia inabadilika. Katika mpango wa fedha za Umoja wa Ulaya wa mwaka 2021 nchi iliahidi kupunguza muda wa kumaliza kesi kwa asilimia 40 upande wa madai na 25 upande wa jinai ifikapo katikati ya 2026, ukilinganisha na 2019. Maelfu ya vijana waliosomea sheria waliajiriwa kwa mikataba kuwasaidia majaji kusoma majalada na kuandaa rasimu, na ninaona tofauti: siku hizi jaji huingia akijua kilichomo. Hofu yangu ni kwamba ahadi hiyo imeandikwa kwa siku, na sehemu ya fedha imefungwa kwenye siku hizo.

Kwa wasomaji wenu wenye ndugu huku, nina la kuwaambia. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 64 la mwaka 2010 linampa mshtakiwa wa jinai asiyejua lugha ya mahakama mkalimani wa bure, kuanzia kituo cha polisi, na linampa pia haki ya kulalamika kwamba ukalimani haufai. Basi mwambieni ndugu yenu asitikise kichwa kwa adabu. Kama hamwelewi mkalimani, hata kama mkalimani huyo ni mimi, aseme palepale kabla ya swali la kwanza, na wakili wake ahakikishe karani ameliandika.

Wenu,
Mkalimani wa mahakama
Kaskazini mwa Italia