Mtoto wa kwenye filamu asipewe jina la mtaani kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyetaka mabanda ya video yapigwe marufuku kuonyesha filamu za kutisha ambazo ndani yake muuaji ni mtoto. Alisema hazina faida yoyote zaidi ya kuharibu akili za watu. Mimi natafsiri muvi hapa Mwanga, Kigoma. Siku hizi narekodi, lakini nilianzia bandani, nimeshika maiki huku watazamaji wako nyuma yangu, na mambo niliyoyaona huko hayafanani na anayoyasema yeye.

Watu wanazipenda filamu hizi, na si vijana peke yao. Kina mama wanaouza dagaa Kibirizi huniletea memori kadi wakitaka niwawekee "ile ya katoto". Wana watoto nyumbani, wengine mgongoni, na bado wanataka hiyo hiyo.

Katika muvi ya mapigano banda zima humfundisha steringi kazi: "Nyuma yako! Mmalize huyo!" Hata akitokea jini au mfu aliyefufuka, watu watapiga kelele apigwe. Lakini adui akiwa mtoto wa miaka mitano aliyekumbatia mdoli wake, hutasikia mtu akisema "mpige". Banda linanyamaza. Kila mmoja anajua kwamba ili mama wa mtoto huyo apone lazima mtu mzima mmoja ainue mkono juu ya mtoto, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka hilo. Naamini hofu yenyewe iko hapo. Jini unaweza kumkimbia. Huyu umemzaa, unamlisha, unalala naye kitanda kimoja, na mlango unamfungia ndani, humfungii nje. Tunaogopa anachoweza kutufanya, na tunaogopa zaidi tunachoweza kulazimika kumfanya.

Mimi nimelijua hilo kupitia sauti. Nikimpa mtoto wa kwenye muvi sauti nzito ya zimwi, watu wanatulia roho, kwa sababu wameshaambiwa kwamba huyu si mtoto tena. Ndivyo ilivyo katika The Exorcist ya mwaka 1973. Sauti ya pepo aliyemo ndani ya yule binti ilitolewa na mwigizaji mtu mzima, Mercedes McCambridge, na ukiisikia unajua kuna mgeni ndani ya mwili wa mtu. Unamwonea binti huruma, unataka apone. Lakini nikimwachia mtoto sauti yake nyororo, ile ya kuomba maji usiku, banda linaganda. Katika The Omen ya 1976 mtoto Damien, mwana wa Shetani anayelelewa na balozi, karibu haongei kabisa. Kwenye sehemu zake mimi sina kazi. Anaendesha baiskeli yake ya miguu mitatu ndani ya nyumba, anaigonga meza aliyosimama juu yake mama yake, na mama anaanguka kutoka ghorofani. Hapo huwa naweka maiki chini. Wenzangu wengine hujaza maneno, na nadhani wanaiua muvi.

Hata waliozitengeneza walijua uzito wake. William March alitoa riwaya yake The Bad Seed mwaka 1954, juu ya binti wa miaka minane, mwenye adabu na nywele zilizosukwa vizuri, anayemuua mwenzake kwa ajili ya medali ya mwandiko. Riwaya inaisha mama amekufa na binti yuko hai, anaendelea na maisha. Ilipofanywa filamu mwaka 1956, kanuni za Hollywood za wakati huo hazikuruhusu mhalifu aachwe bila adhabu, kwa hiyo binti akapigwa na radi. Na hata radi haikuwatosha. Baada ya mwisho, waigizaji walitambulishwa mmoja mmoja, kisha aliyeigiza mama akamlaza yule binti magotini na kumchapa matakoni, ili watu waende nyumbani wakijua ni mchezo. Hao walikuwa watu wazima wa Marekani, wamelipa kiingilio wenyewe.

Sasa nije kwenye hatari, maana ipo, ila msomaji mwenzangu ameitafuta mahali pasipo pake. Kwenye muvi kamera inatufanya mashahidi. Tumeiona baiskeli ikigonga, tunajua Damien ni nani, na anayemtilia shaka ndiye mwenye akili. Mtaani hakuna kamera. Kuna mtu anayeumwa, biashara iliyokufa, na mtoto wa kambo anayekojoa kitandani au kuota ndoto za ajabu. Bibi yangu, Mnyamwezi wa Urambo, alitusimulia habari za vigego, watoto waliotangulia kuota meno ya juu. Zamani katika jamii nyingi za nchi hii walihesabiwa kuwa nuksi, na wengine waliuawa wakiwa wachanga. Hakuna filamu iliyowafundisha wazee wale. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, kutuhumu watoto uchawi kulienea kiasi kwamba Katiba yao ya 2006, ibara ya 41, inakataza jambo hilo kwa kulitaja. Na hapa mkoani kwetu, Kasulu, shule ya Kabanga imekuwa kimbilio la watoto wenye ualbino walioondolewa makwao wasije wakauawa. Hao hawakutuhumiwa ubaya wowote. Ilitosha watu kuamini kwamba si binadamu kama wengine.

Kwa hiyo ukifungia mabanda, shaka juu ya watoto itabaki pale pale majumbani. Kinachonitia hofu mimi ni sisi watafsiri. Tuna mazoea ya kumpa mhusika jina la hapa na kumhamishia mtaa wa hapa, watu wacheke. Akiwa jambazi, sawa, wacha wacheke. Lakini nimesikia rekodi ambamo mtoto muuaji anaitwa kwa jina la Kiha, anasemwa ni yatima anayelelewa na bibi yake huko Ujiji. Mtazamaji akitoka hapo anakutana na yatima wa kweli, mwenye bibi wa kweli, njia ya kuelekea sokoni.

Ninachoomba ni kidogo. Wenye mabanda wawatoe watoto kabla ya muvi hizi kuanza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ipo, na umri unaoandikwa kwenye filamu haukuwekwa kuwa pambo. Mtoto mwembamba anayekaa peke yake benchi la mbele, akisikia watu wazima wakimlaani mtoto mwenzake, anasikia pia yanayomhusu yeye. Na watafsiri wenzangu, hasa mliopo Kigoma na Tabora, mwacheni Damien abaki Damien, mtoto wa balozi wa Marekani huko London. Mimi nimeshawaambia wanaonipa kazi: anayetaka nimpe mtoto huyo jina la Kiha atafute mtafsiri mwingine.

Mtafsiri wa filamu,
Mwanga, Kigoma