Kofia si utovu wa nidhamu

Mhariri,

Mtoto wa dada yangu, mwenye ualbino, anasoma katika shule moja ya msingi wilayani Ilemela, na mwezi uliopita aliamriwa kuvua kofia mstarini kwa madai kwamba si sehemu ya sare, ilhali jua la ziwani, kama tunavyolijua sisi wakazi wa Mwanza, huunguza ngozi yake kabla hata kengele ya kuingia darasani haijalia. Wiki iliyofuata alichapwa na mwalimu wa zamu kwa kusogea karibu na ubao bila ruhusa. Alisogea kwa sababu haoni mbali.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni ziko wazi: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko havizidi vinne, na kila adhabu huandikwa katika daftari maalumu. Dada yangu alipoomba kuliona daftari hilo, aliambiwa arudi siku nyingine (na nauli ya daladala ni yake). Aidha, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi dhidi yao katika elimu.

Naomba kanuni hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na kusomwa katika vikao vya wazazi, na walimu wakuu watamke rasmi kuwa kofia pana na dawati la mbele ni haki ya wanafunzi hawa.

Mzazi,
Kirumba, Mwanza