Nyamanzi isingoje Januari

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya viwanja vya maonesho ya biashara vya Nyamanzi. Mimi ni mpishi wa halua wa hapa Wete, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba yangu. Kila Januari, siku ya Mapinduzi ikikaribia, huvuka na mzigo wangu kwenda Unguja kwenye Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Zanzibar, tangu yakiwa Maisara mpaka yalipohamia Nyamanzi. Ninachokiomba ni viwanja vile vipangiwe kazi ya mwaka mzima, mikutano na maonesho pamoja, na miezi ya masika ndiyo ifikiriwe mwanzo.

Wapo wanaodhani sisi wenye vibanda tunakwenda kule kuuza, tukarudi na fedha. Mauzo ya kibandani ni madogo. Toa nauli ya boti, toa hamali wa bandari ya Mkoani na hamali wa bandari ya Malindi, gari ya kupeleka mzigo viwanjani, malazi, chakula cha kijana anayenisaidia, utaona kinachobaki hakitoshi hata magunia ya sukari ya mwezi unaofuata. Faida yenyewe iko kwa watu unaokutana nao. Mwenye duka mmoja wa Darajani alisimama kibandani kwangu akaonja, akachukua nambari yangu ya simu, na mpaka leo nampelekea mzigo. Ramadhani ikiingia yeye peke yake hunikesheza jikoni.

Mwengine alikuwa mnunuzi wa hoteli moja ya pwani ya mashariki. Yeye aliniuliza mambo ambayo Wete hakuna aliyepata kuniuliza. Inakaa siku ngapi bila ya kuharibika? Ina lebo? Ina alama ya Taasisi ya Viwango Zanzibar? Naweza kuikata kipande cha kumtosha mgeni mmoja? Sisi huku halua tunapima kwa kilo, tunafunga, mtu anaondoka nayo kwenye harusi au msibani. Nilirudi nikaanza kukata vipande vidogo na kuvifunga kimoja kimoja, mapishi yale yale, samli ile ile, iliki na kungumanga zile zile, na sasa ndivyo vinavyotoka zaidi. Hayo sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na mteja aliyesimama mbele yangu, na bila ya maonesho mteja yule asingelijua jina la mtaa wangu.

Kuna na taasisi. Wakati wa maonesho watu wa viwango, wa kodi, wa usajili wa biashara na wa benki hukaa mabanda yanayopakana. Mtu wa Michenzani, mjini Unguja, huenda asilione hilo kuwa kubwa. Kwetu Wapemba, jambo likishataka kumalizwa Unguja maana yake ni boti ya kwenda na boti ya kurudi, na ukimkosa mhusika unatafuta pa kulala. Pale Nyamanzi asubuhi moja inaweza kukumalizia shughuli ambayo pengine ingekula wiki. Sijui kwa nini hili halitajwi sana, maana kwa mfanyabiashara mdogo ni fedha kamili.

Sasa haya yote kwa nini yabanane Januari?

Zamani palikuwa na sababu. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, yakaleta tende, papa mkavu na mazulia, kisha yakangoja kusi yaondoke na karafuu na boriti. Upepo ndio uliopanga msimu wa soko, na hapakuwa na wa kubishana nao. Leo mgeni anashuka na ndege mwezi wowote, na uwanja wa ndege wenyewe hauko mbali na Nyamanzi. Januari hoteli zimeshajaa watalii hata bila ya maonesho. Sisi tunaotoka Pemba hugombania vyumba vya bei nafuu mjini. Ikifika Aprili na Mei, mvua inanyesha, hoteli kadhaa za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinafunga milango na vijana wanarudishwa makwao bila ya mshahara. Oda zangu za hoteli hufa miezi hiyo.

Mtu wa mkutano hajali mvua. Amekuja kukaa ukumbini, kazini kwake wamemlipia chumba, jioni anataka chakula, teksi na zawadi ya kupeleka nyumbani.

Wenzetu wa Arusha wamelijua hilo zamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 iliwaachia majengo makubwa ambayo hayakuwa tena na mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1978, kikaundwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, kumbi zikakodishwa, ofisi zikakodishwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa 1994, iliendesha kesi zake mle na kazi yake ikafungwa 2015. Fikiria majaji, mawakili, wakalimani na mashahidi miaka yote hiyo: nani aliwapangisha nyumba, nani aliwauzia mboga, nani aliwaendesha? Arusha ina Serengeti na Ngorongoro za kuvuta watalii kama sisi tulivyo na fukwe, na bado waliona lazima wawe na kipato kisichosubiri msimu. Nairobi nayo jengo lake la mikutano, lile la Kenyatta, limesimama tangu 1973.

Nitaambiwa hoteli zetu zina kumbi tayari. Ni kweli, na mikutano midogo ibaki huko huko. Lakini mkutano ukiwa hotelini, mjumbe anaamka mle, anakula mle, ananunua dukani mle, na mimi na kikapu changu siruhusiwi kupita geti. Ukumbi ukiwa ubavuni mwa mabanda, wajumbe wakitoka mapumziko ya chai wanakutana na sisi. Ndiyo maana nasisitiza vitu hivi viwili visitenganishwe. Ingetosha safu moja ya mabanda ya kudumu, ya kukodishwa kwa wiki kwa kupokezana: wiki hii akina mama wa sabuni za mwani wa Paje, wiki ijayo wasusi wa mikoba ya ukili, kisha viungo, kisha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kutoka kiwanda cha Wawi huku Pemba, na halua ya Wete. Kodi iwe ya kumudu mtu anayepika kwa mikono yake.

Usafiri nao utazamwe. Maisara watu walikuja kwa miguu kutoka Kikwajuni na Kilimani, baba na mama na watoto, baada ya magharibi. Nyamanzi mtu lazima apande gari, na usiku gari zinapungua, kwa hiyo mwenye watoto huondoka mapema. Sipingi kuhama, Maisara palikuwa padogo. Ninachosema ni kwamba daladala za usiku ni sehemu ya soko sawasawa na paa la banda.

Na Pemba je? Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwa hiki. Kama utafanyika mkutano wa karafuu, wa wakulima, wataalamu na wanunuzi wa nje, pahala pake ni Chake Chake, wakati wa mavuno, mgeni azione zikichumwa mtini na kuanikwa kwenye majamvi, aende Wawi aone makonyo yanavyotolewa mafuta. Ukumbi wa kiasi na uwanja wa mabanda machache vingetosha kwa kuanzia. Gari ya kutoka Wete mpaka Chake Chake naimudu kila wiki, boti siimudu.

Kwa sasa ninaomba wanaopanga shughuli za Nyamanzi watoe ratiba ya mwaka mapema, kabla ya vuli kuanza, ioneshe mkutano gani uko lini na mabanda mangapi yatakuwa wazi. Kupika halua ya kutosha kunahitaji kuagiza sukari, samli na kuni mbele, na fedha yake tunaikopa. Ratiba ikitoka, ibandikwe bandarini Mkoani na Wete na isomwe redioni, kwani wengi wetu huku hupata habari wakati nafasi zimeshagaiwa.

Mpishi wa halua,
Wete, Pemba