Kibali cha kukarabati fleti kiwe na utaratibu ulioandikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa watu wanaozidi kuongezeka katika miji yetu, yaani wamiliki wa fleti katika majengo ya ghorofa, na namna wanavyopata au wanavyokosa ruhusa ya uongozi wa jengo pale wanapotaka kukarabati sehemu zao. Wengi wetu tumekulia katika nyumba za chini, ambako mwenye nyumba akitaka kubomoa ukuta au kuongeza chumba humwita fundi, wakapatana bei, na kazi ikaanza kesho yake bila kumuuliza mtu. Tangu ilipotungwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka 2008, Mtanzania anaweza kumiliki fleti moja kwa hati yake mwenyewe ndani ya jengo lenye wamiliki kadhaa. Sheria hiyo ilitupa aina mpya ya umiliki, lakini mazoea ya ujenzi tuliyonayo bado ni yale ya nyumba ya chini, na viongozi wengi wa majengo nao hawajajijengea utaratibu wa kutuongoza.

Mmiliki wa fleti anamiliki sehemu yake, lakini nguzo, boriti, zege la sakafu, paa, ngazi, lifti, mabomba makuu ya maji safi na ya maji taka, pamoja na njia kuu ya umeme, ni mali ya pamoja ya wamiliki wote. Ndiyo maana sheria inakitaka chama cha wamiliki kiwepo na kiwe na kanuni zake. Kwa hiyo mwenye fleti anapoombwa apeleke maombi kabla ya kuleta nyundo na mafundi, haki yake ya umiliki haijaguswa hata kidogo. Anachoulizwa ni kama kazi anayoikusudia inaishia ndani ya mipaka yake au inavuka na kuingia katika mali ambayo jirani yake naye ana fungu ndani yake. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia mara nyingi wenzangu wakilalamika kwamba wamenunua nyumba kwa fedha zao halafu wanapangiwa cha kufanya. Malalamiko hayo nayaelewa, lakini siyaungi mkono.

Tuchukue mfano wa kazi inayodhaniwa kuwa ndogo kuliko zote, nayo ni kubadilisha vigae vya sakafu. Fundi anayetaka kumaliza haraka hashughuliki kung'oa vigae vya zamani. Humwaga tabaka jipya la mchanga na saruji juu yake, kisha akapanga vigae vipya. Tabaka la sentimita 5 huongeza uzito wa takribani kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba, na kwa sebule ya mita za mraba 20 hizo ni tani mbili zinazokaa hapo mchana na usiku. Sakafu za fleti za makazi kwa kawaida husanifiwa zibebe kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya watu na samani zao. Tena kwa kuwa maji ya bomba hukatika, kuna wanaoweka tanki la lita 2,000 kwenye baraza ya ghorofa ya tatu au ya nne. Tanki hilo likijaa lina uzito wa tani mbili juu ya eneo lisilofika mita mbili za mraba, yaani mzigo unaozidi mara tano kile ambacho msanifu alikikusudia. Ufa haujitokezi siku hiyo hiyo, na jambo hilo ndilo linalowapa watu ujasiri usiostahili.

Maji nayo yana njia zake. Chini ya vigae vya bafuni kuna tabaka la kuzuia maji kupenya, ambalo fundi akilitoboa wakati wa kung'oa vigae bila kulirudishia, maji huingia kwenye zege taratibu, hufika kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka na kuanza kumeguka kutoka upande wa chini, ambao ni dari ya jirani. Katika jengo ninaloishi hapa Upanga, familia ya chini yetu iliishi na dari yenye ukungu kwa kipindi kirefu kwa sababu ya bafu lililokarabatiwa juu yake bila taarifa kwa yeyote. Aliyefanya ukarabati alikuwa mpangaji ambaye alikwishahama, mwenye fleti alisema hakujua, na gharama ya kutengeneza ikabaki kugombaniwa kati ya watu wasio na karatasi yoyote ya kuonyesha kazi gani ilifanywa, lini, na nani.

Ajali kubwa hatuna haja ya kuzitafuta mbali. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa limejaa wafanyabiashara na wateja, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na Serikali ikaunda timu ya kukagua hali ya majengo ya eneo hilo. Mazungumzo mengi yaliyofuata yalihusu kazi za kubadilisha majengo ambayo tayari yanatumika, hasa uchimbaji wa vyumba vya chini. Huko Seoul, Korea Kusini, Juni 29, 1995, jengo la maduka la Sampoong lilianguka na kuua watu 502. Baadhi ya nguzo zake zilikuwa zimepunguzwa ili kupata nafasi ya ngazi za umeme, ghorofa ya tano ikaongezwa ilhali haikuwamo kwenye mpango wa awali, na mitambo mizito ya viyoyozi ikasogezwa juu ya paa. Kwa hiyo sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani naomba masharti yalegezwe.

Lakini ni lazima nizungumzie upande wa pili, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi, nalo ni la viongozi wa majengo. Mmiliki anayetaka kufuata utaratibu mara nyingi hakuti utaratibu wowote wa kuufuata. Hakuna fomu, hakuna orodha ya kazi zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, na hakuna muda uliowekwa wa kumjibu. Anaandika barua, anaambiwa kamati haijakaa. Kamati ikikaa, anaambiwa mwenyekiti amesafiri. Mwenyekiti akirudi, jibu linatolewa kwa mdomo kwenye ngazi, na jibu hilo hubadilika kulingana na anayeuliza. Wapo wanaoambiwa kazi haitaruhusiwa mpaka wamtumie fundi aliyependekezwa na meneja, na wapo wanaotozwa fedha za "ruhusa" bila stakabadhi. Mtu aliyezungushwa namna hiyo hatimaye hufanya kazi yake kwa siri, siku za sikukuu au wakati meneja yuko likizo, akiwa na haraka na bila mhandisi, na hivyo jengo zima linapata hatari ile ile ambayo kibali kilikusudiwa kuizuia. Uongozi usiojibu maombi unabeba sehemu ya lawama kwa kila ukuta unaobomolewa kwa kificho.

Napendekeza kila chama cha wamiliki kiandike kanuni fupi ya ukarabati na kuigawanya kwa uzito wa kazi. Kupaka rangi, kubadilisha makabati ya jikoni au milango ya vyumba kusihitaji zaidi ya taarifa. Kung'oa vigae vya bafuni, kuhamisha bomba, kuongeza viyoyozi au jiko kubwa la umeme kuhitaji kibali cha maandishi, na kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kugusa ukuta wowote, hata ule unaodhaniwa kuwa wa kutenganisha vyumba tu, kuhitaji barua ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aliyefika na kuuona ukuta wenyewe. Uongozi upewe siku 14 kujibu kwa maandishi, na ukikataa utaje sababu ambayo mwombaji anaweza kuirekebisha. Amana kwa ajili ya uharibifu wa lifti na ngazi ni jambo la haki, ilimradi itolewe stakabadhi na irudishwe kazi ikikamilika. Saa za kelele na mahali pa kutupa kifusi ni mambo ya kukubaliana katika kikao kimoja.

Singapore, ambako sehemu kubwa ya wananchi huishi katika fleti zilizojengwa na shirika la umma la HDB, mambo haya yameandikwa wazi. Kazi za kelele kama kubomoa kuta na kung'oa vigae huruhusiwa siku za kazi tu, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni; mkandarasi lazima awe kwenye orodha inayotambuliwa na shirika; na katika jengo jipya vigae vya bafuni haviruhusiwi kubadilishwa ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Mkazi anayajua yote hayo kabla hajamwita fundi, wala hahitaji kumjua mtu ofisini.

Kuna jambo moja ambalo linazungumzwa kidogo mno, nalo ni michoro. Kamati nyingi za wamiliki haziwezi kutoa uamuzi wa maana kwa sababu hazina michoro ya jengo kama lilivyojengwa: hazijui nguzo iliyofichwa ndani ya ukuta iko wapi, bomba kuu linapita wapi, wala sakafu ilisanifiwa kwa mzigo gani. Mwendelezaji huuza fleti, hukabidhi funguo na kuondoka na michoro. Hapo ndipo Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi inaweza kutusaidia kwa kuhakikisha kwamba makabidhiano ya jengo kwa chama cha wamiliki hayakamiliki bila michoro hiyo, na kwa kutoa kanuni ya mfano ya ukarabati ambayo vyama vidogo visivyo na fedha za mwanasheria vinaweza kuichukua na kuitumia. Mradi wa Magomeni Kota, ambao mwaka 2022 ulizirudisha kaya 644 katika majengo ya ghorofa mahali palipokuwa na nyumba za chini, unaonyesha kwamba suala hili halihusu matajiri wa Masaki na Oysterbay peke yao.

Wenzangu wakumbuke pia kwamba kibali cha uongozi hakichukui nafasi ya kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kazi inayobadilisha muundo wa jengo inahitaji vyote viwili, na kiongozi wa jengo anayemwambia mkazi kwamba saini yake inatosha anampotosha.

Naomba viongozi wa vyama vya wamiliki watakaosoma barua hii waweke suala la kanuni ya ukarabati katika ajenda ya mkutano mkuu wao ujao, na naiomba Wizara ieleze kupitia gazeti lako kama kanuni ya mfano inaandaliwa na ni lini wananchi wataipata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mmiliki wa fleti,
Upanga, Dar es Salaam