Simu Haina Macho: Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaoanza Kazi

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu nyingi kutoka Korogwe. Natumai hamjambo huko mliko. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inayosumbua, namshukuru Mungu.

Nawaandikia nyinyi mlioajiriwa mwaka huu na mwaka jana: mlioko benki, zahanati, halmashauri, madukani na kwenye kampuni za watu. Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja kufuatilia mafao ya marehemu mume wangu. Binti wa dirishani alikuwa ameibana simu kati ya bega na shavu. Alinyoosha mkono akapokea karatasi zangu bila kuniangalia, akawa anazipekua huku anapanga na mwenzake rangi ya sare za harusi. Nilipomwambia, "Mwanangu, hilo jina silo, umesoma mstari wa juu," aliinua kidole kimoja, maana yake nisubiri. Nikasubiri. Niliondoka na karatasi iliyogongwa muhuri kwenye jina la mtu mwingine, na nauli ya kurudi wiki iliyofuata nikaitoa mfukoni mwangu.

Nauli iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kujua jinsi jambo lile lilivyokuwa rahisi. Maneno matatu yangetosha: "Nitakupigia, nina mgeni." Mwenzake wa upande wa pili asingekufa. Mimi niliyesimama mbele yake nilikuwa nimetoka nyumbani kabla ya alfajiri.

Nasema haya kama mtu aliyekula chumvi ya simu. Niliajiriwa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, nikawekwa kwenye swichibodi ya mji mdogo. Wengi wenu hamjaiona. Ni ubao wenye matundu, kila tundu na mteja wake, na nyuzi zenye plagi za kuwaunganisha watu. Karani wa shamba la mkonge akizungusha mkono wa simu yake huko shambani, kwangu alama inaonekana, nachomeka plagi na kusema, "Namba, tafadhali." Akitaka Dar es Salaam au Moshi, naandika, naye anasubiri zamu, pengine nusu saa, pengine mpaka jua linageuka. Simu za mbali zilihesabiwa dakika tatu tatu. Kwa hiyo watu walijipanga kabla ya kupiga. Wapo waliokuja posta na maneno yao wameyaandika kwenye kikaratasi: salamu, ugonjwa wa baba, pesa ya ada, kwaheri.

Mwaka wangu wa pili kazini ilikuja simu kutoka Kigoma. Aliyepiga alimtaka karani wa shamba moja la mkonge, lakini karani alikuwa mbali na simu, laini nayo mbaya, sauti inakuja na kupotea. Yule bwana akaniachia ujumbe. Baada ya saa moja karani akapiga mwenyewe, kaambiwa anatafutwa. Mimi nina wateja watatu wananisubiri ubaoni. Nikamwambia hivi hivi: "Ujumbe wako kutoka Kigoma, mama yako amefariki jana, wanazika leo." Nikasikia pumzi, kisha nisisikie kitu. Nikachomoa plagi, nikahudumia wengine.

Jioni mnyapara wa shamba akaja posta kuuliza karani wao ameambiwa nini, maana walikuta mkonga wa simu unaning'inia na mtu mwenyewe hayupo. Walimpata usiku, amekaa kando ya reli, viatu kavivua kaviweka pembeni. Hakuwa ameumia. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Msimamizi wangu, mama mtu mzima, hakunifokea. Aliniuliza: "Ulipomwambia, alikuwa amesimama au amekaa? Alikuwa na nani?" Sikujua. Akasema kuanzia siku hiyo, kabla sijamfikishia mtu jambo zito, nimuulize yuko na nani, na huyo aliye naye nizungumze naye kwanza. Nilifanya hivyo miaka yote 23 ya kazi yangu.

Ndiyo maana nawaambia kwamba simu haina macho. Mtu akija kwako kwa miguu anakuona: una mtoto mgongoni, una sufuria jikoni, umetoka kulia. Atabadilisha maneno yake palepale mlangoni. Anayepiga simu haoni lolote, na asipouliza anaongea na mtu asiyemjua alivyo kwa saa ile. Kero nyingi za simu ninazozisikia, ukizifuata mpaka mwisho, unakuta mtu hakuuliza.

Chukueni habari za msiba, maana hapo ndipo mnaponitia hofu kuliko pengine pote. Mpwa wangu aliambiwa kifo cha kaka yake akiwa kwenye usukani, kati ya Segera na Chalinze, barabara ya malori. Mungu alimnusuru, akasogeza gari pembeni. Aliyempigia aliniapia kwamba hakujua kama mwenzake anaendesha. Namsadiki. Hakuuliza. Na siku hizi limezuka jingine, la kuweka picha ya marehemu kwenye status, na mshumaa, na maneno ya pole, kabla mwili haujapoa. Jirani yangu mmoja alianza kupigiwa simu za pole asubuhi. Akawa anajibu, "Pole ya nini, mwanangu?" Na kila aliyeulizwa akawa anababaika na kukata. Mwanamke yule alijua mwanawe amekufa kwa kuhesabu watu waliomkatia simu.

Wanangu, habari ya kifo ina wenyewe. Subirini wenyewe waseme. Na ikiwa ni nyinyi mnaotakiwa kumwambia mzazi aliye mbali, mpigieni jirani kwanza, au sheikh, au mzee wa kanisa, au mwalimu wa karibu. Aende akakae naye, akishafika ndipo simu ipigwe. Kama hakuna wa kwenda, muulize mwenyewe: "Uko wapi? Umekaa? Nani yuko hapo?" Maswali haya tu yatamwandaa, maana mtu mzima akiulizwa hivyo ataanza kuelewa, naye atajishika kwenye ukuta.

Nimelitaja swali la "Uko wapi?" na najua wengi linawakera. Zamani halikuwepo. Simu ilikuwa mali ya meza. Ukiomba namba ya hospitali ukaunganishwa, unajua mtu yuko hospitali. Simu za mkononi zilipoanza nchini mwaka 1994, na baadaye zikashuka bei mpaka zikatufikia sisi, ndipo watu wakaanza kuulizana mahali walipo kabla hata ya salamu. Swali lenyewe ni la haki, kwa sababu kweli sikuoni. Linaudhi linapoulizwa kama askari anamhoji mshukiwa. Sema, "Uko mahali pa kuongea?" Akijibu hapana, muulize apigiwe saa ngapi, umwache. Na wewe unayeulizwa, usiseme umeshafika Ubungo wakati uko kitandani unatafuta soksi. Kuna mtu amesimama juani kwa ajili ya neno lako.

Wazee wetu walitufunza hodi tatu. Unabisha, unasubiri. Unabisha ya pili, unasubiri. Ya tatu isipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutofungua hata kama yumo ndani. Sasa nasikia mtu anatoka bafuni anakuta amepigiwa mara 14, na ujumbe juu yake: "Mbona hupokei?" Huko ni kuugonga mlango wa mtu kwa jiwe. Piga, acha nafasi, piga tena. Kisha andika ujumbe wenye jina lako na shida yako, kwa mfano: "Ni Asha wa stoo, naomba ufunguo wa kabati kabla ya saa sita." Atakayesoma hivyo akiwa kwenye kikao anaweza kumtuma mtu na ufunguo, na simu isihitajike tena.

Kuhusu jina. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1876, alitaka watu waitikie "ahoy", ukelele wa mabaharia wa kuitana. Thomas Edison akapendekeza "hello", nalo ndilo lililoshika, na kwetu likawa haloo. Ni neno la kuita tu. Halisalimii na halisemi wewe ni nani. Baada ya haloo bado unadaiwa salamu, na unadaiwa jina. Nimechoka kupokea simu nikaulizwa, "Naongea na nani?" Wewe ndiye uliyepiga, mwanangu. Mgeni hamuulizi mwenye nyumba jina akiwa bado mlangoni. Na siku hizi jambo hili si la adabu peke yake. Tangu matapeli waanze kutuma zile "Ile hela tuma kwenye namba hii", na kupiga wakijifanya watoa huduma wa mtandao, sisi wazee tunaogopa kila namba ngeni. Tulisajili laini kwa alama za vidole, tukaambiwa tubonyeze *106# tuone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu, lakini mtu asiyejitaja bado anatutia wasiwasi. Kijana wa hospitali alinipigia kuniambia majibu ya vipimo yako tayari. Alianza na "Wewe ndiye nani?" Nikamkatia. Nilikaa siku nne zaidi bila dawa.

Kazini nasikia mnafundishwa kwamba salamu zinapoteza muda wa mteja. Sikubaliani, nami niliishi na dakika tatu tatu. "Shikamoo mama, naitwa fulani, napiga kutoka ofisi fulani, una nafasi ya dakika mbili?" Hayo yote hayajai nusu dakika, na aliyeyasikia atakusikiliza kwa moyo mmoja. Kinachokula muda ni kupiga bila kujipanga, ukafika katikati ukaanza kutafuta faili. Kinachoudhi zaidi ni kukatisha mazungumzo na mtu aliye mbele yako ili umpokee aliye mbali, kama yule binti wa dirishani. Aliye mbele yako ametangulia.

Wakubwa wa kazi nao, kama barua hii itawafikia, nawaomba wawaache vijana usiku. Simu ikiita saa nane za usiku nyumba nzima inakaa kitako, kila mmoja anamtaja moyoni mgonjwa wake. Baada ya hapo unamsikia bosi anauliza taarifa ya robo mwaka. Hata saa tatu usiku ni saa ya watoto kulala na wazazi wao kutazamana. Ujumbe ungeandikwa, ukakutwa asubuhi.

Spika. Ukimweka mtu kwenye spika mwambie kabla hajafungua kinywa: "Mama, niko na wenzangu, nimekuweka spika." Rafiki yangu alimpigia mwanawe kumweleza maradhi yake ya kike. Mwanawe alikuwa kwenye daladala, simu imeharibika sehemu ya sikioni, kwa hiyo anasikilizia spika. Rafiki yangu aligundua aliposikia sauti ya mwanamume asiyemjua ikimpa pole. Tangu siku ile hamwelezi mwanawe ugonjwa wowote. Anatuambia sisi, nasi ndio tunaompigia kijana.

Kubipu mimi sikuchukii kama wengine. Vocha zilipokuwa ghali, mlio mmoja ulikuwa "nimefika", miwili "nipigie", na nyumba nyingi ziliishi kwa lugha hiyo. Hata leo mwanamke anayeuza maandazi akinibipu nampigia, najua bando lake ni unga wa kesho. Lakini wewe mwenye mshahara usimbipu mama yako. Na ukimwambia, "Nakupigia sasa hivi," mpigie. Hujui anavyobaki na ile simu mapajani, hataki kwenda shamba, hataki kwenda kuoga, anaogopa itaita hayupo. Kama huwezi leo, mwambie Jumapili. Jumapili ataivumilia kwa sababu ina siku yake.

Nami kuna jambo nawaomba. Wengi wenu mna namba yangu. Asubuhi niko bustanini na simu naiacha ndani, kwa hiyo nipigieni baada ya alasiri. Zile hodi tatu kwa wazee zinataka nafasi kidogo, maana kutoka uani mpaka kwenye meza ya simu natembea polepole, nashika ukuta. Iacheni iite mpaka ikatike yenyewe. Kisha subirini kidogo mpige tena, nitakuwa nimeshafika nimekaa.

Bibi yenu,
Korogwe