Benki Ndiyo Iliyomwacha

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Unataka kuacha kazi ya benki uende ukaigize. Sikukasirika. Ila umemleta Naguib el-Rihani, yule mchekeshaji wa Misri, kama shahidi wako, na mzee huyo mimi namjua, basi ngoja nimhoji kidogo.

Ni kweli, alikuwa karani wa Benki ya Kilimo, Cairo. Lakini hakuiacha benki, benki ndiyo iliyomwacha: akili yake ilikuwa kwenye maigizo, wakamfukuza. Akaenda kushika kalamu tena kwenye kampuni ya sukari kule Nag Hammadi, kusini mwa Misri. Hapo unaporuka wewe ndipo palipokuwa na dhiki. Alizaliwa 1889, na mhusika wake Kish Kish Bey hakumzua mpaka 1916: mkuu wa kijiji, mfuko umetuna fedha za pamba, kaja mjini kuzimaliza kwa wacheza ngoma. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Kicheko hicho kikamfunga. Mwenyewe alitamani michezo ya huzuni, akaijaribu, watazamaji wakamkataa, akarudi kwa Kish Kish wake. Mwaka 1931, yeye na mwenzake Badie Khairy wakaigeuza tamthilia ya Kifaransa kuwa ya Kimisri, juu ya mwalimu mwaminifu anayegundua kwamba dunia huinamia fedha. Watu wakanuna. Walikuwa wamelipa kiingilio waje kucheka, bwana!

Mama yake naye alimwonea haya kwa kazi ile. Inasimuliwa kwamba siku moja, safarini, aliwasikia abiria wakimsifu mwigizaji huyo, akashindwa kujizuia: "Mimi ndiye mama yake!" Mama yako kaipenda sana hiyo. Sijui kwa nini ananiangalia mimi.

Itafute Ghazal al-Banat, filamu yake ya mwisho. Alifariki Juni 1949 kabla haijatoka. Humo ni Ustadhi Hamam, mwalimu fukara wa Kiarabu anayempenda mwanafunzi wake, binti wa pasha, anayeigizwa na Layla Murad. Mwanamuziki Abdel Wahab anaimba, na Rihani hasemi neno. Mtazame usoni tu: anasikiliza, anaelewa kwamba binti yule si wake, machozi yanamtoka. Hakunji uso, hainui mkono. Mimi nadhani uso ule wa mtu aliyezoea kuambiwa "ngoja" aliujulia kwenye meza za ukarani, si jukwaani. Ndiyo maana nasema usiidharau kaunta yako. Wale wazee wanaokuja kuulizia pensheni, unawatazama lakini?

Fanyeni mazoezi jioni, baada ya kazi. Nauli ya kurudi usiku nitakutumia kila wiki. Barua ya kuacha kazi isubiri mpaka tuonane Idi.

Mama yako anauliza mchezo wenu unaonyeshwa lini, na kiingilio ni shilingi ngapi.

Baba yako